Uhandisi wa usanifu majengo: nikimaliza nitakuwa nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari mwaka huu na natafuta chuo. Tangu utotoni napenda kuchora majengo, na hesabu napata alama nzuri. Fizikia ndiyo inayonitoa jasho. Nimekuta kozi inaitwa uhandisi wa usanifu majengo. Kaka anasema hiyo ndiyo kozi ya wasanifu, niombe tu. Baba anasema ni uhandisi ujenzi uliopambwa jina, afadhali nisome uhandisi ujenzi wenyewe. Nikimaliza nitakuwa msanifu au mhandisi? Kazi zake ni zipi? Na huu mkono wangu wa kuchora utanifaa, au niusahau?"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako anaweza kuwa sahihi, na baba yako naye anaweza kuwa sahihi, kwa sababu jina hilo moja limebandikwa kwenye kozi mbili tofauti. Nianze hapo, maana ndipo vijana wanapopotezea miaka.

Marekani, shahada yenye jina hilo ni ya uhandisi. Ilianza kufundishwa huko mwishoni mwa karne ya 19, wakati majengo marefu ya chuma yalipoanza kuota Chicago na mambo ya ndani ya jengo yakawa mengi kuliko uwezo wa msanifu peke yake. Kozi hizo hupewa ithibati na ABET, chombo kinachokagua kozi za uhandisi. Mhitimu hufanya mitihani ya wahandisi, na kisheria hawezi kujiita msanifu. Uingereza nako ni kozi ya uhandisi, mara nyingi ikiunganishwa na uhandisi ujenzi katika shahada moja.

Ukienda Misri na nchi nyingi za Kiarabu, mambo yanageuka. Idara ya uhandisi wa usanifu imo ndani ya kitivo cha uhandisi, na wahitimu wake huitwa wahandisi, lakini kazi wanayosomea ni ya msanifu: kubuni jengo, kupanga vyumba, kuchora ramani. Japani wamechanganya. Idara moja hufundisha ubunifu, miundo na mazingira ya ndani ya jengo, na leseni ya huko, iitwayo kenchikushi, inabeba yote hayo. Korea Kusini nao walikuwa na mchanganyiko wa namna hiyo, kisha katika miaka ya 2000 vyuo vingi vikaugawa: usanifu miaka mitano, uhandisi wa usanifu miaka minne.

Nimewahi kukaa na kijana aliyesoma nchi ya mbali akiwa na ndoto ya kuwa msanifu. Alirudi na shahada safi na alama nzuri. Alipopeleka karatasi zake kwenye bodi ya wasanifu, wakahesabu mihula aliyokaa studio ya ubunifu, yaani darasa la kubuni majengo kwa kuchora: miwili. Walimwambia kwa upole kwamba hawawezi kumsajili. Alikuwa mhandisi mzuri sana, ila hakutaka kuwa mhandisi, na hakujua hivyo mpaka siku ile. Alirudi darasani miaka mingine mitatu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya maombi, omba orodha ya masomo ya kozi nzima, muhula kwa muhula, na uisome ukiwa na kalamu. Kozi ya msanifu ina studio karibu kila muhula, tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na studio ndiyo inayokula saa nyingi kuliko somo lingine lolote. Kozi ya mhandisi ina studio chache, kisha imejaa mekanika, nguvu za vifaa, uchambuzi wa miundo, themodinamiki (elimu ya joto na nishati), mwendo wa maji na hewa, saketi za umeme. Ukimaliza kuhesabu, waandikie chuo swali moja: wahitimu wenu wa miaka iliyopita wamesajiliwa na bodi ipi? Wakijibu "bodi yoyote", usiridhike. Piga simu kwenye bodi yenyewe ya nchi unakotaka kufanya kazi uwaulize.

Kama una nia ya kuvuka mipaka, kuna Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao nchi wanachama wake hutambua shahada za uhandisi za wenzao. Uliza kama ithibati ya kozi yako iko chini ya mkataba huo. Kwa wasanifu, kipimo cha kimataifa kinachokubalika ni masomo ya miaka mitano ya kutwa na angalau miaka miwili ya kazi chini ya usimamizi. Kozi ya miaka minne inayokuahidi usanifu kamili, iulize maswali makali.

Sasa nichukulie kozi uliyoiona ni ile ya uhandisi, kwa kuwa ndiyo niliyoisoma mimi na ndiyo iliyonilisha. Nitakueleza inafundisha nini kwa kutumia ukumbi mmoja.

Msanifu amechora ukumbi wa mihadhara wa watu 300. Upana mita 12, urefu mita 20, kimo mita 5, na juu yake kuna ghorofa ya ofisi. Ni ukumbi mzuri, umekaa vizuri kwenye karatasi. Wewe unaletewa mchoro.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba watu wenyewe ni tanuri. Mtu aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi. Zidisha kwa 300, unapata kilowati 30, kabla hujawasha taa hata moja na kabla jua halijagusa dirisha. Joto hilo lazima lipate pa kwenda. Halafu watu hao wanapumua. Kipimo kinachotumika sana ni lita 10 za hewa safi kwa mtu mmoja kila sekunde, kwa hiyo ukumbi wako unahitaji lita 3,000, yaani mita 3 za ujazo, kila sekunde. Hewa hiyo ukiisukuma kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde (ukizidisha sana itaanza kuvuma masikioni mwa watu), njia yake itahitaji mita za mraba 0.6. Hiyo ni dakti ya bati yenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60. Simama uipime kwa mikono uone ukubwa wake.

Dakti hiyo itapita wapi? Juu, chini ya sakafu ya ofisi. Lakini huko juu kuna bimu, na bimu ya zege inayovuka mita 12 bila nguzo katikati inataka kina cha sentimita 80 hadi mita 1. Weka dakti chini ya bimu, weka taa chini ya dakti, kisha dari: umeshakula mita moja na nusu. Ama ukumbi unashuka na msanifu analia, ama jengo zima linapanda, na jengo likipanda, ukuta wa nje, ngazi na mabomba vyote vinarefuka na mwenye mradi ndiye anayelipa. Au unatafuta njia nyingine. Bimu za chuma zinaweza kutobolewa matundu makubwa kiwandani, dakti ikapenya tumboni mwake. Hewa pia inaweza kuletwa kutoka chini ya viti, ikatoka polepole miguuni mwa watu na kupanda yenyewe inapopata joto la miili yao. Hapo dakti kubwa ya kuleta hewa inaondoka darini kabisa. Kila suluhisho lina bei yake na adui yake, na kuyapima hayo ndiyo ufundi wenyewe. Mhandisi ujenzi anaiona bimu. Mhandisi mitambo anaiona dakti. Wewe umefundishwa kuona vyote viwili vikigombania sentimita zile zile.

Bado sauti. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wasikilizaji walikuwa hawaambulii kitu. Neno moja lilibaki likizunguka hewani kwa sekunde 5 na nusu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutibu. Usiku, mji ukiwa kimya, alipiga bomba la kinanda cha ogani na kupima kwa saa jinsi sauti inavyokufa, huku akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga humo kidogo kidogo. Usiku mwingi wa kazi hiyo ulizaa kanuni tunayoitumia hadi leo: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, gawanya kwa uwezo wa nyuso zote wa kunyonya sauti. Mwaka 1900 ukafunguliwa ukumbi wa muziki wa Boston Symphony Hall, ambao Sabine alikuwa mshauri wake wa sauti, na mpaka sasa unasifiwa.

Jaribu kanuni hiyo kwenye ukumbi wetu. Ujazo ni mita za ujazo 1,200. Kuta, sakafu na dari kwa jumla ni mita za mraba 800. Kama vyote ni vigumu, plasta na vigae, vinavyonyonya asilimia 3 tu ya sauti, mwangwi utakaa kama sekunde 8 ukumbi ukiwa mtupu. Kwa hotuba unataka sekunde 1 hivi. Watu 300 wakiingia, nguo na miili yao itanyonya sehemu kubwa na mambo yatakuwa nafuu. Lakini siku watakapokuja 40, mhadhiri atakuwa anashindana na sauti yake mwenyewe. Ndiyo maana viti vya kumbi nzuri hutiwa sponji na kitambaa: kiti kitupu kinafanya kazi ya mtu ambaye hakuja. Ujue basi kwamba aina ya viti, ambayo watu wengi wangedhani ni mambo ya mapambo, iko kwenye hesabu zako.

Na nguvu ya jengo. Hapa huwa mkali kwa wanafunzi, na nitakuwa mkali kwako pia.

Tarehe 17 Julai 1981, watu walikuwa wamejaa kwenye dansi katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City. Juu ya ukumbi huo kulikuwa na madaraja ya kupitia watu, yaliyoning'inizwa kwa fimbo za chuma kutoka kwenye paa. La ghorofa ya nne lilikuwa juu kabisa ya la ghorofa ya pili. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu zinazopita daraja la juu na kuendelea hadi la chini. Waliotengeneza chuma wakaona fimbo ndefu namna hiyo ni taabu kuikata hesi, wakapendekeza kila fimbo iwe mbili: moja kutoka kwenye paa hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwenye karatasi badiliko hilo ni la sentimita chache. Likaidhinishwa.

Fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kamba kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aiachie kamba na kushika miguu ya mwenzake. Kamba inabeba mzigo ule ule, lakini mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Nati zilizokuwa chini ya bimu za daraja la juu ndizo zilikuwa mikono hiyo. Zilipenya, madaraja yote mawili yakaangukia watu. Walikufa watu 114, zaidi ya 200 wakaumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni. Hesabu ambayo haikufanywa pale mtoto wa sekondari angeiweza. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya kile kiungo na kuuliza, sasa hivi nani anabeba nini?

Nimeikalia habari hii kwa sababu ndani ya mwaka mmoja wa kazi utaletewa ombi la namna hiyo. Fundi hodari, mwenye uzoefu kuliko wewe, atakuambia: mhandisi, hii tukiibadilisha hivi itakuwa rahisi. Mara nyingi atakuwa na haki, na utajifunza mengi kwake. Lakini hesabu utaifanya upya, kila mara, hata kama zege linasubiri na mkandarasi amekunja uso.

Sasa kazi. Wanaopenda nguvu ya jengo huenda kwenye miundo. Msome Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929, akaenda kusoma Illinois na kufanya kazi Chicago bega kwa bega na msanifu Bruce Graham. Kwenye jengo la John Hancock Center, la ghorofa 100, lililokamilika mwaka 1969, misalaba mikubwa ya chuma iliyo nje ndiyo inayopambana na upepo, na misalaba hiyo hiyo ndiyo sura ya jengo inayopigwa picha. Miaka michache baadaye ukaja mnara wa Sears, mita 442, ambao ni mirija tisa ya mraba iliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Mirija inakoma kwa zamu, kwa vimo tofauti, kadiri jengo linavyopanda. Swali lako la "msanifu au mhandisi" lingekuwa gumu kulijibu ukiwa umesimama chini ya majengo hayo.

Lakini nikwambie ukweli kama ningemwambia binti yangu: vijana wengi hukimbilia miundo, na mifumo ya ndani ya jengo inabaki na uhaba wa watu. Hewa, maji, umeme, taa, moto. Hospitali ni mfano ninaoupenda. Katika chumba cha upasuaji hewa safi inasukumwa ndani kwa wingi ili mlango ukifunguliwa itoke nje na isiingie na vijidudu. Katika chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu ni kinyume: hewa inavutwa kuingia, isitoke kwenda kwa wengine. Vyumba viwili vinafanana kwenye ramani, na mtu aliyekosea mwelekeo wa feni ameua bila kushika kisu. Kazi hii haipigwi picha, ila anayeiweza hutafutwa.

Wapo wa kuta za nje na wa usalama wa moto, ambao siku hizi hukaa meza moja. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulioanzia kwenye jokofu ndani ya nyumba moja ya jengo la Grenfell Tower, London, ulipanda kwa nje kupitia paneli zilizokuwa na plastiki ndani yake, na watu 72 wakafa. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikikagua upya kuta za majengo marefu, na wanaojua kusoma ukuta tabaka kwa tabaka hawatoshi.

Nishati nayo ni uwanja mpana. Kuendesha majengo, yaani kuyapoza, kuyapasha joto, kuyawasha taa na kuchemsha maji yake, hula karibu asilimia 30 ya nishati yote inayotumika duniani. Kuna majengo yanayopunguza mzigo huo kwa akili tu. Eastgate Centre ya Harare, iliyosanifiwa na Mick Pearce pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup na kufunguliwa mwaka 1996, hupitisha hewa baridi ya usiku ndani ya zege zito. Mchana zege hilo hunyonya joto la watu na mashine. Haikuhitaji kiyoyozi cha kawaida. Mtu hawezi kubuni hivyo bila kujua hali ya hewa ya mahali, uzito wa vifaa, na njia ya hewa kwa pamoja. Ungeniuliza kozi hii ina faida gani kuliko nyingine, ningekuonyesha jengo hilo.

Kisha kuna kazi ya kuunganisha michoro ya watu wote kwenye modeli moja ya kompyuta na kutafuta yanapogongana. Nilipoanza kazi, modeli hizo hazikuwapo. Tuligundua mgongano saitini, bomba la maji machafu limefika kwenye bimu na fundi ameshika drili anauliza atoboe wapi. Bimu ile ilikuwa imeshabeba ghorofa mbili. Tulisimamisha kazi siku tisa na kuhamisha choo kizima. Leo mgongano huo unauona kwenye skrini miezi sita kabla, na mtu anayeweza kuitisha kikao cha msanifu, mhandisi wa miundo na mhandisi wa umeme na kuwatoa humo wamekubaliana ana kazi popote kunakojengwa.

Wengine huwa wasimamizi wa ujenzi. Wengine hupima mifumo jengo likikamilika, kuhakikisha feni inatoa kile kilichoandikwa. Wengine hutunza majengo makubwa kama viwanja vya ndege na vituo vya kuhifadhi data, na wachache huitwa jengo linapopasuka ili waeleze sababu, wakati mwingine mbele ya hakimu. Usiamue sasa. Mwaka wa tatu utajua somo lipi unalisoma bila kusukumwa.

Programu za kompyuta zisikuogopeshe na zisikulevye. Utajifunza Revit, AutoCAD, na nyingine za kuchambua miundo na nishati. Zinabadilika. Ninachokuomba ni kwamba kila jibu la programu ulipime kwanza kwa kalamu, kama tulivyopima dakti hapo juu. Nimeona ripoti ndefu yenye rangi nzuri ambamo mtu aliweka milimita mahali pa mita.

Kuhusu fizikia inayokutoa jasho: itakubidi uikubali, kwa sababu kozi hii ni fizikia iliyovaa matofali. Ila angalia ni sehemu ipi inayokushinda. Kama ni nguvu, mwendo na mizani ya vitu vilivyotulia, anza leo kabla chuo hakijafunguliwa. Mekanika ya mwaka wa kwanza ndiyo inayowaangusha wengi, na kila kitu cha miundo kinajengwa juu yake. Kama ni joto na umeme, una muda. Kama ni sehemu za atomu na nyota, lala usingizi. Hesabu utakayoitumia zaidi ni kalkulasi, na nimewaona wengi waliokuwa na fizikia ya wastani wakiivuka kwa sababu hesabu yao ilikuwa imara. Wewe una hesabu.

Sasa baba. Mpe shikamoo yangu, kisha mweleze kwamba hofu yake ina msingi. Uhandisi ujenzi ni jina linalojulikana na kila bodi na kila mwajiri, na unafungua barabara, madaraja, mabwawa na majengo pia. Kama moyo wako unapenda vitu vikubwa vya nje, mfuate baba. Kama nchi unayotaka kufanya kazi haina usajili wa uhandisi wa usanifu majengo, utasajiliwa kama mhandisi ujenzi, mitambo au umeme, na huenda ukadaiwa masomo ya nyongeza. Hilo uliulize mapema. Lakini jina la mapambo tu? Hapana, hapo simuungi mkono. Mhandisi ujenzi wa kawaida humaliza shahada bila kuhesabu hewa ya ukumbi hata mmoja. Na kama kinachokuvuta ni lile jengo lenyewe, na watu watakaokaa ndani yake, utachoka kusubiri kwenye kozi inayokufundisha lami na mifereji.

Jua pia kwamba shahada si mwisho wa njia, upande wowote utakaochagua. Marekani, kwa mfano, mhitimu hufanya mtihani wa misingi, hufanya kazi kama miaka minne chini ya mhandisi mwenye leseni, na kufaulu mtihani wa pili, ndipo apige muhuri wake kwenye mchoro. Nchi nyingi zina utaratibu unaofanana na huo. Katika miaka hiyo chagua bosi kabla ya mshahara. Mtafute anayerudisha hesabu zako zikiwa na wino mwekundu na kukaa nawe akueleze.

Na mkono wako. Usiusahau hata siku moja. Katika kikao, mtu anayeweza kuchora kiungo cha bimu na nguzo kwa penseli mbele ya watu humaliza mabishano ambayo barua pepe ishirini hazikuyamaliza. Ila itakubidi uufundishe mkono huo kuchora kisichoonekana. Tafuta picha za Centre Pompidou, jumba la sanaa la Paris lililofunguliwa mwaka 1977. Wasanifu Renzo Piano na Richard Rogers, wakiwa na mhandisi Peter Rice, walitoa utumbo wa jengo nje na kuupaka rangi: bluu ni hewa, kijani ni maji, njano ni umeme, nyekundu ni ngazi na lifti zinazobeba watu.

Chukua karatasi, uchore mkato wa nyumba unamolala, kana kwamba umeikata kwa kisu kutoka paani hadi kwenye msingi. Kwa kalamu nyeusi onyesha nani anambeba nani: paa linakaa juu ya nini, na hicho kinakaa juu ya nini, mpaka ufike ardhini. Kisha chukua rangi. Bluu, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi usiku madirisha yakifungwa. Njano, kutoka kwenye mita hadi kwenye taa. Kijani, maji yanayokuja, na yale yanayoondoka baada ya kunawa mikono. Usiulize mtu mpaka ukwame. Ukikwama, na wengi hukwama kwenye mstari wa kijani unaoondoka, piga picha ya mchoro kama ulivyo, pamoja na alama za kufutafuta, uniletee.